Msitu Usio na Mwenyewe

Mbega nawachukia mpaka leo, na najua ni ujinga, maana wao hawakuomba mtu awalinde.

Niliolewa Hasamba baada ya vita kuu ya pili. Nyuma ya kahawa ya baba mkwe kulikuwa na msitu mdogo, mnene, ambamo ukoo wake ulizika wafu tangu zamani. Hakuna aliyekata kuni mle, wala aliyerusha mshale. Ndiyo maana mbega walijaa. Kwingine walikuwa wamekwisha, ngozi zao zimevaliwa ngomani na kuuzwa kwa wageni, lakini mle waliruka juu ya vichwa vyetu bila wasiwasi.

Mama mkwe alikuwa na watoto wawili humo, wote walikufa kwa surua kabla mchungaji hajafika kuwabatiza. Kila mwaka kabla ya kupanda mahindi alikwenda kupalilia pale, nami nikimfuata na jembe. Alikuwa Mkristo wa kukaa kiti cha mbele, ila makaburi ya misheni hakuyataka kabisa.

"Mwanangu, mimi mnilaze na wale wadogo," aliniambia. "Huko misheni nitamjua nani?"

Basi akaja bwana misitu. Serikali ilikuwa inachagua misitu ya kuhifadhi wanyama na miti inayotoweka, naye alikuwa amezunguka kote akikuta vilima vimegeuka mashamba. Alipofika kwetu nusura apige magoti. Alitazama juu kwa darubini mpaka shingo ikamuuma. Kisha, kupitia kwa mkalimani, akamwuliza baba mkwe:

"Mzee, msitu huu ni wa nani?"

"Si wa mtu, bwana."

Yeyote wa kwetu angejibu hivyo hivyo. Mahali pa wafu mtu aliye hai hapaiti pake. Ukisema ni pangu, umejiitia kifo. Mkalimani alitoka pwani, hakulijua hilo wala hakuuliza. Bwana akafurahi, akampa baba mkwe mkono. Tulikuwa watu wenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Kabla ya mavuno vibarua walifyeka mkuza, ukanda mtupu wa mpaka, kuuzunguka msitu wote, wakasimika mawe ya mpaka, akawekwa askari. Kuingia marufuku, jembe marufuku. Baba mkwe alikwenda bomani kueleza habari ya makaburi. Akaambiwa kwamba mwenyewe alikiri mbele za watu kuwa msitu hauna mwenyewe, sasa makaburi yametoka wapi? Alirudi akakaa jikoni na wanawake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama mkwe alipougua tumbo alijua haponi. Akanituma kwa askari.

"Kamwambie, kama mwili haupiti, basi udongo wa wanangu. Kiganja kimoja tu, mje mnimwagie juu."

Nilikwenda, nikambembeleza yule askari mpaka nikaona aibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitazama viatu vyake vya serikali.

"Dada, hapa hata jani halitoki. Nikifukuzwa kazi, utanilisha wewe?"

Nilirudi mikono mitupu, nikamkuta mama mkwe bado ana akili zake. Ningependa kusema nilimdanganya, kwamba nilichota udongo wa njiani nikamletea. Hakunipa nafasi, aliniangalia mikono tu, akageukia ukutani. Tukamzika misheni, kati ya watu asiowajua. Wengine waliimba. Mimi sikuimba hata ubeti mmoja.

Kiangazi kilichofuata bwana misitu alileta wageni kuwaona mbega. Tulikuwa tunaanika kahawa karibu na njia, mimi na baba mkwe. Mkalimani, kwa wema wake, akatusogelea kututafsiria: bwana anawaeleza wageni kwamba ni bahati kubwa, msitu huu umepona kwa sababu hapajawahi kuwa na mtu aliyeujali.

Bwana akamwona baba mkwe, akamkumbuka, akampungia mkono kwa furaha. Baba mkwe akavua kofia.