Kahawa ya Wageni wa Goziba

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi haina bunduki hata moja. Shemeji yangu Mutalemwa alikuwa juu ya paa la nyumba yake kule Muleba, akiziba mahali palipokuwa pakivuja, nami nilikuwa chini nikimpokeza nyasi na ushauri. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Uganda, kijana mwenye maoni kuhusu kila jambo, kuezeka nako kukiwamo. Yeye alikuwa amerudi kutoka vitani Uhabeshi na kovu pajani, pamoja na ukimya ambao hakuondoka nao.

"Profesa," alisema. Aliniita hivyo tangu nilipofaulu mtihani wangu wa kwanza. "Hizo nyasi unazonipa umeziweka kichwa chini, miguu juu."

Dada yangu Kokugonza alicheka jikoni mpaka tukamsikia.

Kisha wakaja majirani kumjulia hali. Mutalemwa akashuka, akanawa mikono, akaenda kuleta kibo. Kwetu Buhaya mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikawekwa ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Mwenye nyumba hukileta mlangoni amekishika kwa mikono miwili karibu na kifua, huinama kidogo, halafu hufunua kifuniko. Mgeni akishachukua punje yake, anajua kwamba nyumba hiyo haina ubaya naye. Nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu desturi hiyo, na sidhani kama niliongeza lolote juu ya hayo.

Likizo ya Mutalemwa ilipokwisha, meli iliondoka Bukoba na askari wenzake bila yeye. Jeshi likatangaza kwamba ametoroka.

Hadi wakati huo vita vilikuwa vimetufikia kwa njia ya upungufu: chumvi, mafuta ya taa, na vitambaa ambavyo Wahindi wa dukani waliapa kwamba viko njiani. Sasa vikaingia nyumbani. Askari walikuja Muleba kumtafuta, wakachoma singe kwenye magunia ya maharage. Kisimani wanawake waliacha kumwita dada yangu kwa jina, wakawa wanasema "mke wa mtoro", tena si kwa kunong'ona. Alikuwa mjamzito. Alijaza mtungi wake akaondoka.

Mimi nilipata kazi. Kikosi kidogo cha jeshi kilikuwa kimepiga kambi karibu na ziwa pale Bukoba, na Kapteni wake, Mwingereza, alihitaji mkalimani wa Kiingereza, Kiswahili na Kihaya. Nilidhani nimechaguliwa kwa ajili ya akili zangu. Baadaye niliambiwa kwamba wenzangu wawili walikwisha kukataa. Kuhusu ndugu zangu sikuulizwa, nami sikujitangaza. Nilijiambia kwamba nikiwa humo ndani, huenda nikasikia habari za shemeji.

Nilichokisikia ni ugomvi. Bunduki zilikuwa zikipotea katika ghala la kikosi. Mkuu wa polisi wa siri, Mwingereza mwingine, aliamini kwamba mwizi ni mtu wa jeshi, na alitaka kumkamata yeye mwenyewe ili aibu ionekane ni ya nani. Kapteni alitaka kuzirudisha bunduki zake kabla polisi hawajaiandika aibu hiyo. Mabwana hao walikunywa katika klabu moja, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo. Tuliambiwa kwamba adui yuko mbali sana, ng'ambo ya bahari. Nilipowatazama wale wawili nilikuwa na mashaka kidogo.

Polisi wa siri wenyewe walikuwa siri kwa maana moja tu: hakuna aliyewataja kwa sauti. Kila mtu alimjua Salum, kwa mfano, Mwislamu wa mtaa wa Bakoba pale mjini, ambaye babu yake alitoka Tanga. Alijiita mfanyabiashara wa ngozi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na ngozi isipokuwa ile ya viatu vyake. Alikuwa rafiki wa Mutalemwa tangu zamani.

Alasiri moja Salum alinikuta mkahawani akaketi karibu nami.

"Mwalimu, nasikia mnakwenda kisiwani Goziba."

"Nani kakwambia?"

"Mpishi wenu ananunua viazi vya safari na kuwaeleza wauzaji wote ni vya nini. Hiyo ndiyo siri ya jeshi." Alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka. "Shemeji yako yuko huko."

"Kwa hiyo ni kweli alitoroka."

"Alitoroka nini! Sisi tulimpeleka. Bunduki zinafichwa na watoro walio katika kambi za wavuvi. Tulihitaji mtu wa kukaa nao, na mtoro wa kweli hamwamini ila mtoro mwenzake. Tulimwahidi kwamba hatarudishwa vitani. Alikubali kwa ajili ya huyo mtoto anayekuja."

Nikamuuliza atatambulikaje.

"Akiona mashua ya serikali, atatoka na kibo. Atakaribisha wageni kahawa. Watoro hawatashuku, na watu wetu watajua ndiye."

"Basi mwambieni Kapteni!"

"Mkubwa wangu amekataza. Anasema ukimwambia Kapteni umemwambia na mwizi."

"Na wewe mbona unaniambia mimi?"

Aliinua kikombe chake, akakirudisha bila kunywa. "Nimekula nyumbani kwa yule mtu, Mwalimu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kapteni. Nilimweleza yote, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chochote nilichowahi kuandika chuoni. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Mkuu wa polisi ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, bwana."

"Angekuwa na mtu wake kule, angekuja kuniambia mwenyewe. Na mtu huyu ana uhusiano gani na wewe?"

"Ni mume wa dada yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kwake habari ilikuwa imekwisha: jamaa anamwombea jamaa yake.

Nikamwendea sajenti wa kikosi, Mponda, mtu wa kusini, mpole, aliyesikia kila kitu mara moja.

"Kahawa mnaitafuna? Kama karanga?"

"Ndiyo, Sajenti."

"Nyinyi Wahaya!" alisema. Lakini aliwaita askari wake akawaambia: mtu mwenye kikapu asiguswe.

Mashua zilikuwa mbili. Mimi na Mponda tulipanda ya kwanza. Kapteni alipanda ya pili, pamoja na askari waliokuwa wametoka kambi nyingine asubuhi ile ile. Hao Mponda hakuwa na amri juu yao. Nilipojaribu kuwakaribia, Kapteni aliniamuru nirudi mahali pangu.

Tulifika Goziba jua likiwa limekwisha kupanda. Furu, samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wameanikwa juu ya mawe, na vibanda vya nyasi vilikuwa vimetulia.

Risasi ya kwanza ilitoka kwenye miamba. Nililala ndani ya mashua, kichwa changu chenye elimu kikiwa chini ya benchi.

Askari wakajibu. Kelele zikawa nyingi, kisha zikapungua. Watoro walikuwa wakikimbilia upande wa pili wa kisiwa.

Mashua ya pili ilitia nanga kushoto kwetu.

Mutalemwa akatoka katika kibanda.

Alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa ameshika kibo karibu na kifua.

Alitarajia polisi, akaona jeshi. Angeweza kurudi ndani. Nadhani aliniona mimi.

Akainama. Akaweka mkono kwenye kifuniko.

Nilipaza sauti kwa Kiswahili, kwa Kihaya, kwa Kiingereza.

Risasi moja ilitoka kushoto.

Alikuwa bado hai nilipomfikia. Mponda alikuwa tayari amepiga magoti pale, akibana kidonda kwa kofia yake. Mutalemwa aligeuza uso kwangu.

"Profesa," alisema. "Paa limeshika?"

"Limeshika," nikasema, ingawa mvua zilikuwa bado hazijaanza na sikujua.

Askari aliyempiga alikuwa kijana wa Nyasa. Alikuwa ameona mtu akitia mkono katika kitu cha mviringo kilichofunikwa, na alikuwa amefundishwa kwamba katika vitu vya namna hiyo hutoka bomu. Hakuna aliyemweleza vinginevyo. Nilipomwambia ilikuwa kahawa alinikodolea macho. Halafu alichuchumaa na kuanza kuziokota buni kati ya furu, moja moja, akizirudisha ndani ya kibo. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemzuia.

Bunduki chache zilipatikana. Mwizi wa ghalani hakujulikana.

Tulimrudisha Mutalemwa kwa mashua, tukamzika katika shamba lake la migomba. Wiki ileile Kapteni na mkuu wa polisi walikutana katika chumba kimoja. Jeshi halikutaka isemwe kwamba limemuua mtu wa polisi. Polisi hawakutaka isemwe kwamba waliazima askari wa jeshi bila kuomba. Nilikuwa nje ya mlango nikisubiri kutafsiri, lakini hawakunihitaji. Walielewana vizuri sana. Ilitangazwa kwamba mtoro ameuawa katika maficho ya watoro.

Salum ndiye hakutulia. Alipanda baiskeli hadi Muleba siku majirani walipokusanyika msibani, wale wa kisimani wakiwamo. Alisimama mbele yao, kachero mwenye kiapo cha kutosema, akamwambia dada yangu kwa sauti:

"Shemeji, mumeo hakutoroka. Sisi ndio tulimtuma. Mimi ndiye niliyempa ujumbe."

Kokugonza alimtazama. "Asante, Salum," alisema. "Keti ule."

Kabla ya mwezi kwisha Salum alihamishiwa kusini. Hatukumwona tena. Maneno yake ndiyo hati pekee aliyonayo dada yangu kuhusu kifo cha mumewe, na hayakuandikwa popote. Lakini tangu siku ile kule kisimani walimwita tena kwa jina lake.

Nimesoma mengi kuhusu vita vile, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi ninayoweza kuifanya nikiwa nimeketi. Nimejaribu kumchukia yule kijana wa Nyasa, nikashindwa. Kapteni nilimchukia kwa miaka kadhaa, na mkuu wa polisi kwa miaka kadhaa zaidi. Sasa naona kwamba kila mmoja alilinda ofisi yake kwa uaminifu mkubwa, na kwamba katikati ya ofisi mbili zilizolindwa vizuri hivyo palibaki nafasi ndogo, na humo ndimo alimosimama mtu mmoja mwenye kikapu.

Mvua za kwanza zilipoanza tu, paa lilivuja palepale palipozibwa kwa nyasi nilizompokeza.

Mtoto alizaliwa mvua hizo hizo. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na mgeni akifika bado anapewa kahawa. Wajukuu wa Kokugonza huileta mlangoni kwa mikono miwili na kuinama kama ipasavyo. Lakini katika nyumba ile peke yake, kati ya nyumba zote ninazozijua Buhaya, kibo hakina kifuniko. Huletwa wazi, kimeinamishwa kidogo mbele, ili hata aliye mbali aone kilichomo. Watoto hawajui sababu. Wanadhani ndivyo desturi ilivyo.