Baba Hakupenda Kinanda

Juzi nilipiga simu kuulizia bima ya gari, nikaambiwa nisubiri, na papo hapo kikaanza kinanda. Si kile cha taarab, chenye heshima zake. Ni kile cha umeme, laini kama povu la sabuni, kinachopigwa kwenye kumbi za hoteli ili wageni wasihisi wanavyocheleweshwa. Nikajikuta nakifuata, najua hasa kitapanda wapi na kitalegea wapi. Binti yangu alinitazama kwa huruma. Hajui kwamba mama yake amekulia ndani ya muziki huo, na yote kwa sababu baba alikuwa mpenzi wa jazz.

Jazz aliipata Cairo alipokuwa mwanafunzi, kwa jirani mwenye santuri na dirisha wazi. Kwao Zanzibar hakurudi tena. Alikuja huku Omani, Maskati, akapata kazi wizarani, akaoa, akanizaa mimi, na muda wote huo alikuwa na kiu ya tarumbeta. Miaka hiyo, kiu ya namna hiyo ilikuwa na dawa moja tu, nayo ni duka la kaseti la Ami Zahran kule Hamriya.

Ami hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba tangu utotoni Unguja, nasi watoto tulimwita hivyo kwa heshima. Duka lake lilinuka plastiki mpya na udi, na feni ya darini ilikuwa ikigongagonga kama mtu asiyekubali kuondoka bila kufunguliwa mlango. Kaseti alizipanga kwa kabila la mteja. Wahindi walikuwa na ukuta wao, Wabalushi rafu yao, walimu wa Kimisri meza yao. Sisi tuliotoka Afrika tulikuwa na kona ya taarab, na mtu wetu akiingia tu alishikwa mkono akapelekwa konani hata kama alikuja kuuliza njia. Kaseti za jazz hazikuwa na ukuta wala rafu, kwa kuwa hapakuwa na kabila lililoziulizia.

"Nieleze huo muziki wako ukoje," Ami Zahran alimwambia baba siku ya kwanza.

Baba akaeleza. Hauna maneno. Wanapiga kama wanabishana, lakini wanapendana. Unautuliza moyo na kuuchokoza pamoja. Katika yote hayo Ami Zahran alishika mawili: hauna maneno, na unatuliza. Akapanda ngazi, akashuka na kaseti ya mzungu mwenye koti jeupe, anatabasamu mbele ya kinanda cha umeme.

Wiki ya pili akauliza, "Vipi, imekupendeza?"

Hapa ndipo nyumba yetu ilipoharibika. Baba alilelewa kwamba mtu akikutafutia kitu, hicho kitu ni kizuri. Akaweka mkono kifuani. "Nzuri sana, Zahran. Umenifurahisha mno."

Basi Ami Zahran akamletea nyengine ya mzungu yuleyule. Na nyengine. Mzungu yule alipiga nyimbo za mapenzi, nyimbo za sikukuu zisizotuhusu, hata nyimbo za filamu za Kihindi. Kila tulipotoka dukani baba aliitia kaseti garini, akavumilia mpaka kwenye mzunguko wa magari wa Ruwi, kisha akaizima na kusema, "Subhanallah."

"Mwambie tu huzipendi," mama alisema.

"Nimwambie vipi, na mtu kanitafutia?"

"Basi utazikwa nazo, yakhe."

Mambo yangeendelea hivyo, lau Ami Zahran asingetangaza kwamba anakwenda Dubai kuchukua mzigo. Dubai! Baba alikuwa amesikia kwamba kule kuna duka lenye jazz ukuta mzima. Usiku ule hakulala vizuri, maana Ami alikuwa ameshamwahidi: "Nitakuletea kile unachokipenda zaidi." Na sote tulijua ni kipi hicho.

Alhamisi kabla ya safari, baba alinishusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona mtu wa maana sana.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, Zuwena. Baba hajambo?"

"Hajambo. Ami, baba hapendi kinanda."

Alikuwa anapangusa kaunta. Kitambaa kikasimama. "Hata kile cha mwanzo?"

"Hata hicho. Hukizima tukifika mzunguko."

Kabla hajasema kitu, baba akaingia, kanzu imenyooka, uso umejaa ihsani. "Zahran! Ile ya juzi, mashaallah!"

Ami Zahran alinitazama. Mimi nikaitazama feni.

"Kumbe umeipenda," akasema polepole. "Basi nitakuletea kumi."

"Kumi?"

"Au nkuletee katoni zima?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele ya baba; alichotakiwa ni kupita tu. Akaweka mkono kifuani. "Allah akulipe kheri, ndugu yangu."

Ami Zahran akacheka mpaka akashika rafu ya Wabalushi. "Yakhe, mwanao keshanambia! Na mie nnakwambia kweli: yule mzungu kakaa hapa toka nimefungua duka, hapana mtu anomtaka. Ulipomsifu, nikasema, Mungu kaniletea mteja!"

Baba alinikata jicho la kuniambia tutaonana nyumbani, kisha akacheka naye.

Ami aliporudi kutoka Dubai alileta kaseti moja tu, ya lile duka la jazz. Magharibi ile tulipofika nyumbani, mimi nilishuka na baba akabaki garini. Saksafoni ilikuwa inabishana na ngoma. Mama alimwita, chakula kikapoa, nami nikatumwa kumchungulia. Alikuwa amefumba macho, na vidole viwili vinatembea juu ya usukani.

Kesho yake akanichukua twende Hamriya. Aliingia dukani, akasimama mbele ya rafiki yake, akafungua mdomo, akaufunga. Mwisho akasema, "Nzuri sana, Zahran. Umenifurahisha mno."

Ami Zahran alitikisa kichwa kwa huzuni, akanigeukia mimi. "Zuwena, kweli?"

"Kweli, Ami. Hakushuka garini mpaka mama akakasirika."

Hapo tu ndipo alipoamini, akaagiza kahawa.

Kwa miaka mingi nilijivunia siku ile, nikajiona ndiye mkweli pekee katika ukoo wa watu wanafiki. Sasa mimi ni mtu wa vitabu, na watu huniletea miswada ya hadithi zao niisome, nami huweka mkono kifuani na kusema ni mizuri sana. Halafu unakuja mmoja ambao kweli umeninyima usingizi, natafuta la kumwambia mwandishi wake, sipati. Hapo ndipo ninapouelewa uso wa baba alipofungua mdomo akaufunga pale kaunta. Mimi nilidhani anaona haya. Kumbe alikuwa ana furaha, na maneno yote ya furaha alikuwa ameshayamaliza kwa yule mzungu.