Macho Mekundu ya Mama Mdogo

Mwaka ule redio zilipoanza kutaja Ebola, nilikuwa nikiuza vitenge sokoni Mchesi. Kila Jumatatu nilipanda minibasi na mzigo wangu kutoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, kwenda Lilongwe, Ijumaa nikarudi. Wateja walijua natoka Zaire, na kwa sababu hiyo waliamini vitenge vyangu.

Ghafla wakaacha kuvigusa. Muuza samaki mmoja, mama wa Kimalawi tuliyezoea kula nsima, ugali wao, sahani moja, alisimama mbali akaniuliza kama ugonjwa unakaa kwenye nguo. Nilimweleza kwamba mimi ni wa Kindu, mkoa wa Maniema, na mji unaotajwa redioni sijawahi hata kuuona. Alisema, "Zikomo," kwa upole, kama mtu anayeshukuru, kisha akarudi kwenye samaki wake. Tangu siku hiyo alikula peke yake.

Nilirudi kambini na hasira. Huko nako kila mtu alikuwa na lake. Jirani zetu walokole walisema ni ishara ya mwisho. Upande wetu, watu wa Maniema, waliweka kitunguu saumu puani, na wapo walioapa kwamba ni sumu iliyotupwa mtoni. Niliwacheka wote.

Wiki ile ile mdogo wake mama yangu akafika kutoka Kindu, baada ya majuma mengi ya njia. Alishuka kwenye lori akitetemeka. Alitapika kabla hajanisalimu. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu, na redio ilikuwa imesema macho huwa mekundu.

Nilimwonyesha hema tupu nyuma ya nyumba yetu. Nikaweka sahani ya wali mlangoni, nikaisukuma ndani kwa ufito.

"Mtoto wangu," aliita, "mbona hauingie?"

"Nakuja, mama," nikajibu. Sikwenda.

Aliyekwenda alikuwa jirani yangu Mrundi, mjane mwenye maneno machache. Nilimkimbilia nikamshika kitenge.

"Usiingie! Macho yake iko mekundu!"

"Iko na kiu," alisema. "Lete maji."

Nilileta, nikayaweka chini hatua kadhaa kutoka mlangoni. Yeye akarudi kuyachukua. Niliona kwa uwazi wa hema akimwinua mama mdogo kichwa, akamlaza mapajani mwake na kumnywesha kidogo kidogo. Asubuhi alimpeleka zahanati kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, akitembea kando yake amemshika mgongo. Daktari alimpima damu. Ilikuwa malaria.

Siku ya tano mama mdogo alisimama. Nilipika kuku, nikaenda kumwomba msamaha.

"Mi pia ningeogopa," alisema. "Batu wote banaogopa. Lakini ungesimama hata inje, unisemeshe. Nilizani nakufia kwa bageni."

Nililia. Alinishika mkono, akala kuku wangu, akasifu mapishi. Lakini jioni, nilipokuja kuchukua mkeka wake niupeleke kwangu, alikuwa ameshautandika kwa yule Mrundi, na huko akakaa miaka yote aliyoishi Dzaleka. Tulisalimiana kila siku. Mtu alipomuuliza kama ana ndugu kambini, alinionyesha mimi.