Ubao Juu ya Gari la Dawa

Siku moja, mwanangu, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilitia saini chini ya karatasi yenye mistari sita nikaamini kwamba nimetenda haki. Miaka mingi imepita, na mistari ile sita naikumbuka neno kwa neno. Nakuandikia habari zake sasa kwa sababu nawe umepata kazi ambayo saini yako itaaminiwa na watu wasiokuwa na njia ya kukuhakiki. Nisome taratibu, wala usiruke kitu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Unguja. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka masomoni Bara, nikapangiwa kazi katika karakana ya magari, mwendo mfupi kutoka Mlandege. Karakana yetu ilitunza magari mawili ya dawa, ya aina moja na ya umri mmoja, yaliyopeleka dawa na wauguzi kwenye vituo vya afya vya shamba, nje ya mji. Moja lilikwenda kusini, upande wa Makunduchi. La pili lilikwenda kaskazini hadi Mkokotoni, ambako wagonjwa wa kisiwa cha Tumbatu huvushwa. Hili la pili lilifungwa keria juu ya paa kwa ajili ya kubebea machela, na mbele ya keria ukasimamishwa ubao mpana, wima, ulioandikwa kwa rangi nyekundu maneno ya kuwahimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Dereva wake aliitwa Vuai, mtu wa Tumbatu, wa miaka hamsini hivi, mpole na mchache wa maneno.

Baada ya ubao ule kuwekwa, gari la Vuai likaanza kunywa petroli nyingi kuliko lile la kusini. Siku hizo petroli ilikuwa adimu, na mtu kutajwa kwamba anahujumu mali ya umma lilikuwa jambo zito: kazi aliipoteza, na mlango wa jela haukuwa mbali. Maneno yakaenea kwamba Vuai akifika Mkokotoni huifyonza petroli kwa mpira, akawapa jamaa zake wenye boti za mashine. Niliuliza nani aliyemwona. Kila niliyemuuliza alikuwa amesikia kwa mwenziwe.

Mkuu wa karakana akamwita Vuai ofisini. Nilikuwapo, na mafundi wawili walisimama mlangoni.

"Petroli inakwenda wapi, Vuai?"

"Inakwenda kwenye ubao, bwana."

Mafundi wakacheka. "Ubao huo una mdomo?" akauliza mmoja. Mwenziwe akamjibu, "Labda ndiyo unayochemshia yale maji."

Vuai hakucheka. "Nikishafika Mahonda, pahala pa wazi," alisema, "nnaiona gari kama imekamatwa shati kwa nyuma. Nikipunguza mguu kidogo tu, inasinzia. Kabla ya ubao haikuwa hivyo. Ung'oeni, muone."

Mimi, mwanangu, uvumi nimeuchukia tangu utoto wangu. Nikasema mbele yao wote, "Tusibishane, tupime." Mpaka leo naamini kuwa neno lile lilikuwa la haki. Lililonishinda ni kulitimiza.

Nilikuwa nimejifunza kwamba gari hula petroli kwa uzito linaoubeba. Nikaupima ubao kwenye mizani, nikauona mwepesi kuliko muuguzi mmoja, na hapo moyoni nilikwisha kuamua kabla sijawasha gari. Jihadhari sana na hali hiyo. Mpimaji aliyekwisha kuamua hupima kwa haraka, kwa kuwa hangojei kujifunza kitu. Nilitaka kazi yote iishe kwa siku moja. Jumanne asubuhi niliuvua ubao, nikaulaza ndani ya gari, nikajaza tangi hadi shingoni, nikaendesha hadi Mkokotoni. Huko nikalijaza tena tangi kwa kopo la painti moja, nikihesabu makopo. Kisha nikaufunga ubao mahali pake kwa bolti zake nne, nikarudi mjini, nikajaza na kuhesabu vilevile. Tofauti ya kwenda na kurudi haikufika nusu kopo.

Jumatano nikaandika mistari yangu sita. Wa tano ulisema: "Ubao hauna athari yoyote katika matumizi ya petroli." Wa sita ulisema: "Sababu itafutwe kwa dereva." Nikatia saini. Kabla ya adhuhuri Vuai alikuwa amenyang'anywa ufunguo, akaambiwa afike siku ya Jumatatu mbele ya kamati iliyosikiliza kesi za hujuma.

Palikuwa na seremala mzee katika karakana, Mzee Shaaban, aliyejenga mabodi ya mbao ya magari ya shamba tangu kabla sijazaliwa. Ubao ule aliuchonga yeye. Alhamisi aliniita kwa jina.

"Naam," nikaitika, nikamwendea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Panda hapa, tazama tundu hili la bolti. Nililitoboa la duara. Sasa limekuwaje?"

Nikapanda nikatazama. "Limekuwa kama yai."

"Limevutwa kwendea wapi?"

"Nyuma."

"Ubao mwepesi, umekaa tu, nani anauvuta nyuma hata bolti ikaila mbao?"

Nikatia kidole tunduni. Akaendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Juzi, kwenda ulikwenda nao, au bila?"

"Bila, mzee."

"Kurudi?"

"Nao."

"Na huu mwezi gani, na upepo unatoka wapi?"

Ulikuwa mwezi wa Januari, mwanangu, na kaskazi, upepo utokao kaskazini, ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote. Mtoto yeyote wa Unguja angelimjibu. Mimi niliyesoma nilisimama juu ya gari lile, upepo wenyewe unanipiga shavuni, ndipo nikageuza uso kuutazama unakotoka.

"Skiza," alisema Mzee Shaaban. "Ulipouvua ubao, uliipa gari kaskazi ya uso. Ulipouvisha, ukaipa kaskazi ya mgongo. Kisha ukaona sawa kwa sawa, ukafurahi. Sasa ulipima nini wewe?"

"Mzee, vitabuni..."

"Hivyo vitabu havijakwenda Mkokotoni. Na yale maneno yako ya kuwa sababu itafutwe kwa dereva, hayo uliyapima kwa kopo gani?"

Nilishuka. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa karakana. Sikwenda. Nilijiambia kwamba huenda upepo si kitu, kwamba seremala hawezi kunifundisha kazi yangu, kwamba wale wa kamati watapima wenyewe. Nilijua kwamba hawatapima. Watu wanaopewa karatasi yenye tarakimu hawana desturi ya kupima tena.

Ijumaa, baada ya sala, nilipita soko la Darajani kununua samaki. Muuzaji alikuwa akizungumza na mteja wake, na maneno yao yakanifikia kabla sijafika mezani.

"Vuai huyo? Kumbe kweli?"

"Si kusikia tena, ndugu yangu. Kuna kijana wa karakana kasomea huko Bara, ana chombo. Kampima, kaonekana mwizi."

"Chombo cha kupimia wezi?"

"Ndiyo hivyo nakwambia. Na karatasi ipo."

Fikiri hapo. Kopo langu la painti lilikwisha kugeuka chombo cha kupimia wezi, na uvumi ambao wiki iliyopita haukuwa na miguu sasa ulitembea sokoni kwa saini yangu. Nami ndiye niliyejiona mtu asiyesikiliza uvumi. Niligeuka niondoke, nikakutana uso kwa uso na mke wa Vuai, Bi. Mwanaisha, kikapu mkononi. Alikuwa amesimama pale muda wote.

"Shikamoo, Bi. Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Alinitazama kidogo. "Nimeambiwa ndiye wewe uliyepima."

"Naam."

"Haya. Mungu akujaalie kupima vyema." Akanipita, akaenda kuchagua samaki wake, na muuzaji akaanza kuyapanga upya mafungu ambayo hayakuhitaji kupangwa.

Alasiri ile nilikwenda nyumbani kwa mkuu wa karakana. Nilimweleza kosa langu nikiwa nimesimama, nikamwomba siku mbili na petroli ya kupimia upya. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Umeshaandika. Jumatatu nikawaambie kamati nini, kuwa fundi wangu hajui kupima?"

"Waambie hivyo hivyo, bwana. Ni kweli."

Akanikaripia tena, kisha akanipa siku mbili na petroli.

Jumamosi na Jumapili tulipima, mimi na Mzee Shaaban aliyekubali kuwa shahidi. Vuai tulimwomba aje aone. Alisema kwamba hatakaribia gari ambalo ameondolewa. Safari hii sikuharakisha. Tuliweka alama za chaki chini, mjini na Mkokotoni, gari lisimame pale pale kila linapojazwa, kwa maana tangi likiinama kidogo hesabu yake hubadilika. Tulishika mwendo mmoja njia nzima, Mzee Shaaban akiutazama mshale wa mwendo na kunikaripia ulipopanda. Jumamosi tulikwenda na kurudi bila ubao asubuhi, kisha tukaenda na kurudi nao mchana. Jumapili tukageuza, ubao asubuhi, bila ubao mchana, ili isije ikawa ni saa za siku zinazotudanganya.

Matokeo hayakuhitaji kubishaniwa. Gari lenye ubao lilikunywa zaidi katika kwenda na katika kurudi, na katika kwenda, upepo ukiwa usoni, lilikunywa zaidi sana. Baadaye nilirudi vitabuni nikaikuta kanuni yenyewe, katika ukurasa ambao sikuwa nimeujali: gari linapoongeza mwendo mara mbili, hewa hulizuia mara nne, na kinachohesabika ni upana wa kile kinachokabili upepo, hata kikiwa chepesi namna gani. Vuai alikuwa ameijua kanuni ile kwa mguu wake wa kulia.

Lakini lilibaki jambo. Nilipolinganisha na petroli iliyozidi katika miezi ile, ubao ulieleza sehemu kubwa. Sehemu ndogo haukuieleza. Mzee Shaaban aliniuliza kama nitaiandika. Nikamwambia nitaiandika. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu nikasoma mbele ya kamati, Vuai akiwa amekaa kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo iliyobaki," akauliza, "imekwenda wapi?"

"Sijui, bwana."

"Hujui, au umemwonea haya mzee wa watu?"

"Sijui. Nilichokipima ni ubao. Vuai sikumpima, wala sina kipimo chake. Ile sentensi ya kuwa sababu itafutwe kwa dereva niliitoa kichwani mwangu, na naomba isihesabiwe."

Nilisema hivyo nikijua kwamba huenda nimemwangusha Vuai kwa ukweli baada ya kushindwa kumwangusha kwa kosa. Mwenyekiti aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwengine. Kisha akasema kwamba kamati haiwezi kumtia mtu ndani kwa neno sijui, na ufunguo urudishwe kwa mwenyewe. Ubao ukaamriwa ulazwe ubavuni mwa gari.

Nje nilimfuata Vuai kumwomba radhi. Alinisikiliza, akiugeuzageuza ufunguo mkononi.

"Waliokaa barazani wakisema nnaiba, niliwasikia mwezi mzima nikawaacha," alisema. "Maneno yao wakipata mengine yatakwisha. Yako wewe yamo kwenye faili. Mjukuu wangu akija siku moja kuomba kazi, yatamsubiri pale."

Nilirudi ofisini nikaomba ile karatasi ya kwanza. Karani akaniambia kwamba kilichoingia kwenye faili hakitoki. Nikaomba niandike juu yake, akaniruhusu. Nikaandika kwa wino, kukatiza mistari yote sita: "Kipimo hiki kilikosewa. Neno juu ya dereva halikupimwa kabisa. Kosa ni langu." Nikatia saini kwa mara ya pili. Vuai aliendesha gari lile miaka mingine mingi. Kila asubuhi aliitikia salamu yangu kwa adabu kamili, na hakuna siku hata moja aliyoketi nami kunywa chai. Sikumlaumu.

Nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hii. Unapotaka kujua athari ya kitu, badilisha kitu hicho peke yake na mengine yote yaache kama yalivyo. Kisha geuza njia, upime tena, hasa pale jibu la kwanza linapokufurahisha. Andika hali ya siku uliyopima, hata ile inayoonekana haihusiki, kwa kuwa atakayekusahihisha ataihitaji. Aliyeifanya kazi kwa mikono yake, msikilize kabla hujafungua kitabu, na kitabu ukifungue vilevile. Usiliache jina la mtu likaingia katika karatasi yako kwa kitu ambacho hukukipima. Na ukifika mwisho wa unachokijua, sema sijui, kwa sauti, mbele ya watu, hata kama neno hilo linakuaibisha. Uvumi wa mjinga hauna nguvu nyingi. Uvumi wa msomi, uliotiwa saini, waweza kuivunja nyumba ya mtu, na mwenye kuuandika akalala usingizi mzuri.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona ulichokipuuza, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na asimjaalie mtu yeyote kudhulumika kwa mkono wako. Amina.