Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Miaka ile dawa zilipokuwa adimu, nilimsindikiza mke wangu kliniki ya wajawazito, Bunda. Mbele yetu muuguzi alimuuliza mama mmoja kama anameza vidonge vya kuongeza damu.

“Nameza.”

Muuguzi akamvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Mama yule akafungua pindo la kanga. Vidonge vyote vilikuwamo.

“Mama mkwe anasema vinanenepeshaga mtoto, nitashindwa kujifungua. Wewe unasema nisipomeza nitaishiwa damu. Nimevitunza mpaka mkubaliane. Yuko hapo nje.”

Muuguzi akafungua mlango. “Shikamoo mama. Karibu ndani.”

Bibi akanyanyuka kwenye benchi taratibu. “Kila mwezi namletaga, nakaa hapa. Leo ndiyo naitwa.”

Na sisi huwa tunasema wakwe hawasikii.