Suti ya Jongoo

Jirani yangu, fundi cherehani, anafuga jongoo sebuleni ndani ya sanduku la kioo, na ole wako umcheke. Kila asubuhi huufinya udongo wake kiganjani. Ukichuruzika maji, hautaki, ukimomonyoka, hautaki. Anautaka na unyevu wa kitambaa kilicho tayari kupigwa pasi, na chupa ya kunyunyizia ni ileile ya nguo. Humlisha majani yaliyooza na maganda ya mayai anayoyasaga kwa kitako cha glasi. Siku jongoo alipojifukia asionekane tena, wifi yake alilishika lile sanduku.

"Amekufa huyo, wifi. Tumwage."

"Thubutu! Anabadilisha ngozi. Ukimfukua ndiyo utamuua."

Akaihamishia cherehani koridoni ili mtetemo usimsumbue, akawa anashonea huko, wateja wakipita kwa ubavu. Jana akatugongea milango, akatuita sote. Jongoo alikuwa juu ya majani, mweusi, anang'aa, mnene kuliko zamani. Fundi akajishika kiuno.

"Tazameni mishono hiyo! Hakuna hata uzi unaoning'inia. Na kajishonea mwenyewe, tena gizani."