Mfuniko wa Mayu

Jioni za Sapiwi, kijijini kwetu, zamani zilijaa majina. Ng'ombe walirudi na vumbi lao, moshi wa vijiti vya pamba ulitanda chini chini juu ya nyumba, na kila mama alisimama uani kwake akaita watoto kwa sauti ya kufika hadi bondeni. Kwetu Usukumani jina la mtoto mara nyingi hueleza alikuja wakati gani. Mimi ni Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua inanyesha. Mdogo wangu alizaliwa mwaka wa njaa, akaitwa Nyanzala, kwa kuwa nzala ndiyo njaa. Watoto wa mwaka ule walikuwa wachache na karibu wote waliitwa hivyo, wa kiume Nzala, wa kike Nyanzala. Mgeni angekaa kizingitini jioni moja tu, akasikiliza wanaoitwa, akajua kijiji kimepitia nini. Nadhani ndiyo maana Mamlaka, ilipokuja kututawala, ilianza na majina.

Njaa yenyewe naikumbuka, ingawa kwa miaka mingi niliambiwa kwamba siikumbuki. Nakumbuka harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ikichemka asubuhi na jioni, kisha jioni tu. Pamba ilikuwa imejaa pembeni ya nyumba na hakuna aliyekuja kuinunua, na pamba haipikiki. Baba aliswaga ng'ombe kuelekea Lingeka kutafuta majani. Alirudi na kamba zao begani, akazitundika ukutani moja moja. Jirani yetu Shija, kijana ambaye wazazi wake walikuwa wamehama, alikula kwetu miezi yote ile. Mayu, yaani mama yetu, alikuwa na mimba ya Nyanzala, lakini fungu la Shija hakulipunguza. Sikulia mwaka ule. Nilikaa tu, kama tulivyokaa wote.

Miaka mitatu hivi baada ya mvua kurudi, watu wameshanenepa, ndipo ikaja Mamlaka. Haikuwa na jina lingine. Ilitangaza kupitia kipaza sauti cha gari kwamba mwaka ule hapakuwa na njaa, ulikuwa mwaka wa neema, na kwamba kina Nzala na Nyanzala wote sasa wanaitwa Neema, wa kike kwa wa kiume. Wavulana wale walitaniwa siku mbili tatu, kisha hakuna aliyekuwa na hamu ya kuwatania. Kila kijiji kilipewa Msemaji wa kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza watoto majina yao. Mtoto akitaja jina la zamani, mzazi anaonywa. Akilitaja tena, mtoto anapandishwa lori kwenda shule ya Mamlaka, na waliopanda lori hilo hatukuwaona tena. Msemaji wetu alikuwa Shija.

Alikuja msimu wa kuchuma pamba, amevaa shati lililonyooshwa, akasalimia kwa adabu zote. "Mwadila, mayu." Mayu akaitikia, akampa kigoda. Nyanzala alikuwa na miaka minne hivi, mdomo wazi, anamtazama mgeni. Shija akamuuliza anaitwa nani, naye akamwambia, kwa fahari, maana alikuwa hajui mambo mengi zaidi ya hilo. Shija hakukasirika. Alimgeukia mayu, akasema taratibu, "Anaitwa Neema, mayu. Mwaka ule kulikuwa na chakula."

"Na wewe hapa kwangu ulikula nini, Shija?"

Nilidhani atainuka. Alikaa, akafikicha kipande cha pamba kilichonasa kwenye suruali yake, akajibu bila kuinua uso, "Nilikula ugali, mayu. Tulikula ugali na maziwa." Akaongeza kwamba atarudi pamba ikiisha shambani, na kwamba mara ya pili hawezi kufanya lolote. Mayu akamletea maji ya kunywa. Akayanywa yote, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata.

Kuanzia kesho yake mayu aliacha kwenda kuchuma, akamweka mdogo wangu mbele yake uani. Mimi nilimenya karanga. Mayu alimuuliza, unaitwa nani? Akijibu Nyanzala, anatazamwa tu. Akijibu Neema, anapewa karanga moja. Mtoto yule alikuwa mlafi kuliko watoto wote niliowahi kuwalea, na haikuchukua muda akashika. Lakini mayu hakuridhika. Alimuamsha usingizini na kumuuliza, alimuuliza akilia, alimuuliza akicheza, hadi jina la kwanza likatoka kabisa, hata tukimjaribu kwa makusudi hakugeuka. Mayu aliifanya kazi hiyo kwa uso ule ule wa kupalilia. Nilimchukia kidogo, nikawa naogopa kumkaribia. Leo nadhani alikuwa na uchungu usio na pa kutokea.

Shija alirudi, akauliza. Mdogo wangu akasema, "Neema," kisha akamnyooshea kiganja, akingoja karanga yake. Shija alikitazama kiganja kile. Akapapasa mifuko yake yote miwili, haikuwa na kitu, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo mayu alitoka uani na mfuniko wa sufuria na mwiko, akagonga. Mdogo wangu akaja. Tangu hapo hakumwita kwa jina lolote, la zamani asingeweza na jipya hakulitaka. Mama wa nyumba ya chini alipiga miluzi. Mwingine aligonga bamba la jembe. Jioni zetu zikawa za vyuma, miluzi na makofi, na kila mtoto wa mwaka ule alijua mlio wake. Mamlaka haikuwa imekataza mifuniko.

Mamlaka iliondoka miaka kadhaa baadaye, pia kwa tangazo. Jioni ile mayu alisimama uani mikono mitupu, akaita, "Nyanzala!" Bondeni kote akina mama walikuwa wanaita, Nzala, Nyanzala, wengine sauti zimekauka. Watoto waliendelea kucheza. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mayu aliita mpaka giza likakaribia, kisha akaingia ndani, akatoka na mfuniko.

Siku hizi mambo ni huru. Vijana wa bodaboda wanabishana mchana kutwa kama njaa ile ilikuwapo au ni hadithi za wazee, na hakuna anayewakamata. Mdogo wangu ana duka la vitenge Lagangabilili, na kibao cha mlangoni kinasema Kwa Neema. Jina lake la kwanza nilishamwambia. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Sawa, dada, lakini ukiniita hivyo naona kama unamwita mtu mwingine." Kwenye harusi za huku mtu akiita Neema wanageuka wanawake kadhaa wa umri mmoja, na wanaume wawili watatu wenye mvi.

Mayu alipofariki tuligawana vitu vyake. Mdogo wangu hakutaka kitenge wala sufuria, alichukua mfuniko peke yake, akautundika jikoni kwake. Mwezi uliopita nilikuwa kwake. Yeye alikuwa dukani mbele, na wateja, anapima kitambaa. Mimi nilikuwa nakoroga ugali. Sijui kilichonituma. Niliutoa mfuniko ukutani, nikaugonga kwa mwiko, polepole, alivyokuwa akigonga mayu.

"Abee, mayu!" akaitikia kutoka dukani, na nikasikia mkasi ukianguka, na miguu yake ikija mbio.

Alisimama mlangoni, mama mzima mwenye wajukuu, futi kamba shingoni. Akanitazama na mwiko wangu. Kisha akarudi kwa wateja wake, nami nikautundika mfuniko mahali pake.